Mwaka Niliosomewa

Sura hii sikuikusudia. Nilishaandika ya skuli na ya harusi, nikajiona nimemaliza kazi, na mjukuu wangu keshanichapia kurasa zote. Kisha wiki iliyopita Zuwena akafariki. Nikakaa matangani nikisikiliza watu wakimsifu, na niliporudi nyumbani nikaona kitabu kizima hakina maana ikiwa mwaka ule haumo. Wenzangu wakiandika maisha yao hueleza mwaka mmoja wa ujana uliowafinyanga, mwaka wa kwanza wa kazi au mwaka waliopenda. Mimi mwaka ulionifinyanga ulinikuta nnakaribia sabiini, nna meno ya kuvua na kuvaa, na magoti yanayolalamika kila nikishuka ngazi. Nnaona haya kuueleza. Nimeona haya miaka yote hii, na wala sikwambii kwamba sasa haya imenitoka. Haijatoka, naandika nayo hivi hivi.

Ukoo nnauruka, umeshajaa kwenye sura nyengine. Ijulikane tu kwamba nilikuwa nikiishi Bawshar, hapa Maskati, kwa mwanangu Khalfan na mkewe Thuraya, na kwamba mume wangu Nasoro alikuwa keshafariki, nami nikamkalia eda katika chumba cha chini kinachotazama ua wa kuanikia nguo. Miezi minne na siku kumi bila ya wanja, bila ya udi, bila ya kutoka ila kwa dharura. Watu huihurumia eda. Mimi, Mungu anisamehe, niliipenda. Ndani ya eda mtu haulizwi kwa nini hacheki. Nikigeukia ukutani hakuna aliyeona ajabu, na sahani ikirudi jikoni kama ilivyokuja wakisema maskini, anamkumbuka mumewe. Siku ya kutoka wakaja jamaa na mashoga, wakanikogesha, wakanifukiza udi, wakanivisha nguo ya zambarau, na Thuraya akapika boko boko la ngano na nyama, lililosongwa mpaka likalainika, likamiminiwa samli, pamoja na mkate wa kumimina na kahawa chungu. Nikala, nikacheka panapochekwa. Walipoondoka nikarudi chumbani, nikaivua ile nguo, nikalala. Nikalala na kesho yake, na wiki ile yote.

Aibu yangu ilikuwa ya namna yake, na nataka ieleweke. Huzuni nilikuwa nimeizoea. Kilichonichoma ni kwamba sikujiona nna haki nayo. Nna chumba chenye kiyoyozi, nna mwana ambaye akitoka kazini hupita kwangu kabla hajavua kofia, nna mkaza mwana ambaye hajanijibu vibaya hata siku moja, nna wajukuu wazima, na msahafu upo mkono wa kulia wa kitanda. Sisi tulilelewa tukijua kwamba mtu mwenye vyote hivyo akilia, basi anakufuru neema. Nikimaliza kusali, ulimi husema alhamdulillahi na moyo haupo, nikajiona nnamwambia Mungu uwongo. Na mtu anayemwambia Mungu uwongo, daktari ataanza kumwambia nini? Basi nikawa nasema sijambo. Khalfan akiuliza, sijambo. Jamaa wakipiga simu, sijambo, presha tu kidogo. Dirisha la choo changu lilielekea ua, na Thuraya alipenda kuzungumza na dada yake kwenye simu huku akianika nguo, na siku moja nikamsikia akisema kwamba mama hataki hata kumbeba mtoto, anamtazama tu kama anatazama ukuta. Mtoto mwenyewe alikuwa kitinda mimba wao, wa miezi michache, amepewa jina la marehemu. Nikakaa mle chooni mpaka aliponyamaza, kwa kuchelea asisikie maji yakimwagika.

Hapo ndipo alipokuja Zuwena. Nilisoma naye skuli huko Unguja, tukapoteana, tukakutana tena Maskati sote tuna watoto. Alikuwa na duka la mabaibui Khuwair, na kwa miaka mingi alikuwa akenda Uchina mwenyewe kuchagua vitambaa, mjane wa tangu ujanani, mnene, sauti yake inafika barabarani, na gari akiendesha kama anayekimbizwa. Hakupiga simu kuuliza kama atanikuta, nitakwenda wapi? Akaingia, akafungua pazia, akaketi kitandani juu ya miguu yangu. Wengine wote walikuwa wakianza na kumrehemu Nasoro. Yeye alinivuta shuka akanitazama mguu mpaka kichwa, akasema, "Shoga, unanuka kitanda." Nikamwambia nna presha. Akaniambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba presha hailazi mtu na nywele hazijachanwa. Nikageukia ukutani. Hakuondoka. Alikaa mpaka adhuhuri akila chakula changu na kunieleza bei za vitambaa.

Siku ya pili yake akarudi, akaufunga mlango kwa ufunguo, ndipo akanieleza habari za Uchina. Hoteli aliyokuwa akifikia ilitazama bustani, na kila asubuhi aliwaona wazee, wanawake kwa wanaume, wamesimama wakiinua mikono polepole, hawasemi, kama watu wanaofuta kioo kikubwa kisichoonekana. Safari ya kwanza alicheka. Safari ya pili alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa kwanza, usingizi hana, akashuka na baibui lake akasimama nyuma yao. Hapana aliyemuuliza ametoka wapi wala ana nini. Kibibi mmoja akawa anampiga kiwiko kila akikosea. Akaniambia, Kichina sikijui mpaka leo, lakini kiwiko changu kinakijua. Mazoezi yale ni ya zamani sana, yana miondoko minane, na kwa lugha yao wanaiita vipande vinane vya hariri, na yeye mfanya biashara wa vitambaa jina lile likamnasa. Nikamuuliza si ibada hiyo? Akasema ibada ni ile ya juu ya msala, hii ni kunyoosha mgongo.

Tukaanza mle mle chumbani, katikati ya kitanda na kabati. Kipande cha kwanza unafungamanisha vidole, unainua viganja mpaka juu ya kichwa, unasukuma dari. Cha pili unavuta upinde usiokuwepo. Kingine unageuza shingo taratibu kutazama nyuma, visigino vimetulia. Ni vitu vya watoto, ukiviona. Mimi nilipoinua mikono mara ya kwanza mabega yalilia, pumzi ikaniishia, nikaona haya mbele ya mtu aliyeniona nikikojoa darasani. Nilikuwa na kanzu ya kulalia, mikono imelegea kama shuka mbichi, na kwenye kioo cha kabati namwona bibi kizee anayemuomba mtu asimpige. Zuwena akakigeuza kioo, yaani akaufungua mlango wa kabati mpaka ukutani, akasema pumua. Alisema neno hilo tu asubuhi nzima. Usiku ule sikulala vizuri zaidi ya siku nyengine, na nataka hilo lijulikane, maana watu wanapenda hadithi za dawa inayofanya kazi siku ile ile. Ila asubuhi nilichana nywele kabla hajafika.

Miezi ya baridi ilipoingia akanipakia garini mpaka Qurum, ufukweni, akisema pumzi ya chumbani imechacha. Tulifika jua halijapanda. Watu walikuwa wakitembea na viatu vyao vya michezo. Yeye akasimama mchangani akaanza, hana habari na mtu, na mimi nikasimama kando yake mikono imo ndani ya abaya, mpaka akanitupia jicho. Nikainua. Mikono ya abaya ikateremka mpaka viwikoni, mikono yangu myeupe ya kizee ikabaki nje hadharani, na hapo hapo akapita bwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Nasoro wizarani, mtu aliyekula kwangu Ramadhani si moja. Akatoa salamu kama mtu anavyowasalimu wapita njia, kisha akanitambua. Hakucheka, maskini, wala hakusimama. Aligeuza uso upande wa bahari kwa heshima, akaongeza mwendo. Angecheka ningepona. Heshima yake ile ilinifanya nijione mtu aliyekutwa uchi, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nalia kwa hasira, namwambia Zuwena asinipeleke tena popote, mjane wa fulani kuonekana akipunga hewa ufukweni, wanangu watauweka wapi uso wao. Kwa mara ya kwanza hakunitania. Akasema basi, tutapanda juu kwako.

Nyumba yetu paa lake ni bapa, penye matangi ya maji na madishi ya televisheni, na ukuta wake unafika kifuani. Pale tukawa tunafanya baada ya alfajiri, na siku alizokuwa na kazi dukani nikawa napanda peke yangu. Na pale ndipo nilipokielewa kipande cha saba, kilichoniponya na kilichoniponza. Unapanua miguu kama aliyepanda farasi, unakunja ngumi, unaitoa mbele polepole, na macho unayakodoa kwa ghadhabu zako zote. Mimi tangu kuzaliwa nimefundishwa kuinamisha macho. Wiki za mwanzo nilikuwa nikitoa ngumi kama anayempa mtu sadaka. Halafu asubuhi moja, sijui kwa nini, ikatoka kweli. Niliyatoa macho, nikabana meno, nikaisukuma ngumi ile mbele ya tangi la maji, na ghadhabu ikaja kutoka mahali nisipopajua, ghadhabu ya masijambo yote niliyowahi kuyasema. Nikapiga ya pili, na ya tatu, jasho linanitoka. Siku ile nilikula mkate wa ufuta mzima na mchuzi wa papa, Thuraya akanitazama. Nikadhani ananitazama kwa furaha.

Kumbe Thuraya alikuwa keshapanda kufuata shuka, akaniona. Nilimsikia pale pale chooni. Alikuwa akimwambia dada yake kwa sauti ya chini, "Macho yamemtoka hivi, anapiga ngumi, na mbele yake hapana mtu." Dada yake sijui alijibu nini, lakini Thuraya akasema ndiyo, na jua ndiyo linachomoza, na tangu eda hayuko sawa, na sasa anakula kama si yeye. Kwa watu wetu hesabu hiyo haina haja ya kalamu. Mwanamke aliyefiwa, anayejitenga, anayepanda peke yake palipo juu saa ambayo hata sala hairuhusiwi, macho yamemtoka na hamu ya chakula imemrudia ghafla, huyo kapandwa na sheitani. Kesho yake mlango wa paa ukawa umefungwa na ufunguo haupo. Ningeweza kusema. Neno moja tu, mazoezi, na Thuraya angecheka. Lakini ningesema mazoezi wangeuliza ya nini, na Zuwena kakufundisha kwa sababu gani, na mbona chumbani mlango umefungwa, na kila jibu lingenifikisha kwenye lile neno nililokuwa nikilikimbia. Nikaona bora wafikiri wanavyofikiri. Nikarudi kitandani.

Wakaniambia Alkhamisi baada ya laasiri patakuwa na hitima ya marehemu. Tangu asubuhi jikoni kulikuwa na harufu ya sambusa na halwa inayopashwa moto. Nilipoingia ukumbini nikaona mahali nilipoachiwa si pembeni ukutani na wenzangu, ni katikati ya mkeka. Mbele yake pana bakuli la maji na sahani nyeupe ya kombe, iliyoandikwa aya kwa zafarani, na ubani umetiwa mwingi kuliko wa hitima yoyote. Mwalimu aliyekuwa akiwasomesha wajukuu zangu Kuraani, mzee wa watu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amekaa mlangoni ameupa ukumbi ubavu, na Khalfan nyuma yake. Dada wa Thuraya yupo, na majirani, na binamu zangu wawili. Zuwena hayupo, hakualikwa. Nikajua. Miguu ilitaka kurudi na haya ikanikalisha, maana kukataa mbele ya watu ni aibu kubwa zaidi. Wakanifunika shuka jeupe kichwani. Nikanywa kombe, maji yaliyooshewa zile aya. Mwalimu akasoma, akasoma sana, na sitakudanganya, kusomewa kulinituliza. Kisha sauti yake ikabadilika, akauliza kwa ukali kidogo, "Wewe nani uliyemkalia mja huyu? Sema jina lako."

Nakiri nilipima. Chini ya lile shuka nilikaa nikapima kama mtu aliye dukani. Ningetaja jina lolote, la mwanamume wa pwani au la mwanamke wa milimani, watu wote mle wangeliamini. Sheitani angenisitiri. Kulala kwangu kungekuwa kwake, mtoto niliyekataa kumbeba angekuwa amekataliwa na yeye, na akishatolewa kwa ubani na halwa mimi ningebaki mwanamke mwema aliyepatwa na balaa. Hakuna sitara nzuri kuliko hiyo. Mwalimu akauliza tena jina, akauliza anataka nini. Na mimi, wallahi sikuwa na ushujaa wowote, nilikuwa nimechoka tu, na moshi umenijaa puani.

"Ni mimi, Mwalimu. Raya. Hamna mtu mwengine humu."

Ukali ukamtoka. "Unaumwa nini, bibi?"

"Nna huzuni."

"Tangu alipotutoka marehemu?"

Mlango ule alinifungulia kwa wema, nami ningepita, na kila mtu angekwenda kula sambusa zake. "Kabla yake," nikasema. "Miaka mingi kabla yake."

Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Mwalimu akasoma dua fupi ya mgonjwa, akasema hapa hapana wa kutolewa. Akawaambia kwamba katika dua zetu tunafundishwa kuomba kinga na huzuni, na kitu kinachoombewa kinga basi kipo, mtu asitolewe kasoro kwa kupatwa nacho. Akaomba kahawa. Nikalivua lile shuka mwenyewe na hakuna aliyenitazama usoni. Binamu yangu mmoja alikuwa akikunja pembe ya mkeka na kuikunjua. Tukala chakula kilichopikwa kumtoa mtu ambaye hakuwepo, na kila sambusa niliyoinua nilihisi imeandikwa jina langu. Sheitani akitolewa huondoka, nyumba ikafukizwa, watu wakasahau. Mimi nilikuwa nabaki na huzuni yangu na sasa ina mashahidi.

Khalfan alikuja chumbani baada ya maghribi. Mwanamume mzima, ndevu zishaingia mvi, akasimama mlangoni kama aliyevunja sahani. Akaniuliza, "Mama, tulikukosea nini?" Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo, kuliko ubani na majirani. Nikamwambia hamkunikosea kitu, si nyinyi wala si baba yako, alikuwa mume mwema, ni ugonjwa tu, unakuja kama unavyokuja ukungu wa bahari. Akasema ndiyo, mama. Mpaka leo sijui kama aliniamini. Nadhani kuna wakati anaihesabu miaka yake ya utotoni mmoja mmoja akitafuta nilikuwa nikicheka kweli au nikimchekea. Nadhani hivyo kwa sababu ananitazama akidhani simwoni.

Akanipeleka kwa daktari, binti mdogo mwenye miwani, aliyeniuliza maswali niliyokuwa nikiyakimbia nami nikayajibu, kwa kuwa nini tena cha kuficha? Akanipa vidonge, na alipojua habari za vipande vinane akasema nisiache. Siku chache baadaye Thuraya alikuwa akikanda unga, akaniuliza bila ya kuinua kichwa, na zile ngumi, mama? Nikamwonyesha pale pale jikoni, miguu nimeipanua, macho nimeyatoa. Alirudi nyuma mpaka friji ikamzuia, kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini na mikono yake ya unga, halafu kicheko kikageuka kilio, akaniomba radhi. Nikamwambia ni mimi wa kuomba radhi. Tukawa tunagombania radhi pale mpaka unga ukakauka. Baada ya hapo ufunguo wa paa ulikuwa haubanduki mlangoni. Zuwena akarudi kuja, akasikia yote, akasema ningekuwepo ningewaambia sheitani ni mimi, na anataka chai ya maziwa.

Sitasema ni Wachina walioniponya, wala vidonge, wala kisomo. Najua tu kwamba kabla mwaka haujakwisha nilikuwa nalala usiku na kuamka asubuhi, na mtoto wa Thuraya alikuwa akinyoosha mikono kwangu namchukua. Lakini haya ilibaki. Binamu zangu hawakuwahi kulizungumza tena, na kwenye maharusi wakawa wananiuliza hali kwa sauti ya chini, wakiinamisha kichwa upande mmoja. Mwanzoni niliwajibu, baadaye nikawa nasema sijambo.

Sasa nirudi matangani kwa Zuwena, kwa bintiye Asya, aniitaye Khalati, mama mdogo, huko Khuwair. Miaka miwili hii ya mwisho tulikuwa tunaonana Idi kwa Idi, mimi sina wa kunichukua kila siku na yeye duka keshalifunga. Nikipiga simu huniambia hajambo, goti tu, kisha ananichekesha mpaka nasahau nilichopigia. Siku ya pili ya matanga Asya akanishika mkono akaniingiza chumbani, akafunga mlango. Akaniambia mama yake tangu duka lilipofungwa alikuwa halali usiku, hali chakula, kutwa kageukia ukutani. Kwamba nikija Idi alikuwa akianza kujiandaa tangu usiku wa kuamkia, anatiwa wanja, anashikwa mkono mpaka kitini, na nikiondoka analala siku nzima bila ya kusema. Asya alitaka kuniita. "Akanikataza, Khalati. Akasema Raya asijue, ataona nilimuuzia kitambaa kibovu."

Nilikaa kwenye kile kitanda nikakumbuka kila simu. Mtu yule aliingia kwangu akafungua pazia bila ya ruhusa, na mimi, niliyeijua sijambo ile kuliko mtu yeyote Maskati nzima, niliisikia miaka miwili nikaipokea kama sadaka. Tuliporudi ukumbini wanawake walikuwa wamefika kwenye sifa. Mmoja, mteja wake wa zamani, akasema Zuwena alikuwa mtu wa furaha, huzuni hakuijua maishani mwake, au vipi, Bi Raya? Wote wakanigeukia. Asya akainamisha macho. Lile neno lilikuwa hapo ulimini, nilishalitamka zamani chini ya shuka jeupe mbele ya watu. Nikasema, "Hakuijua." Asya akanibana mkono kwa shukrani, nami nikaona haya ambayo sikuiona hata siku ya kisomo.

Jana karibu na maghribi Asya akanipigia simu kunishukuru kwa kumsitiri mama yake. Nikamwambia sikumsitiri yeye, nilijisitiri mimi, na kwamba nnaandika sura moja nitakayomsomea, na akitaka nisiitoe sitaitoa. Akasema sawa, Khalati. Nikamsikia anataka kuaga. Sauti yake ilikuwa nyepesi mno, imepangwa vizuri mno, na nilipomuuliza hali akaniambia hajambo, uchovu tu wa wageni.

Nikasema, "Asya mwanangu, mimi nimeisema hiyo miaka mingi. Na wewe una nini?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, na kiti kikivutwa, na pumzi yake. Adhana ya maghribi ikaanza msikitini kwetu, kisha ya kwao ikasikika ndani ya simu, zikamalizika zote mbili. Hakukata, na mimi sikukata.